Saa Kumi ni Saa ya Ndege

Gwamaka hakuizima pikipiki. Aliiingiza moja kwa moja katikati ya uwanja wa mpira wa pete, wasichana wakatawanyika kwa mayowe, na tope likawarukia walioshindwa kuwahi. Alipofika chini ya goli akakanyaga breki, akamtazama mdogo wake kuanzia unyayo hadi utosi.

"Tuli!"

"Shikamoo, kaka."

"Sijafuata shikamoo. Nani yuko shambani?"

Tulinagwe alikuwa ameushika mpira kwa mikono miwili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mrefu, mwenye mabega ya kubeba ndoo na macho ambayo yakilenga goli hayapepesi. Kidato cha nne alikuwa amekimaliza mwaka uliopita, sasa alikuwa akisubiri kuitwa kidato cha tano. Timu ya wasichana ya Mwaya haikuwa na mfungaji mwingine wa kumfikia, na Jumapili ya wiki iliyofuata walikuwa na mechi na Ngana.

"Nimepita barabarani," Gwamaka akaendelea, "nikaona mwanaume juu ya dungu letu. Kavua shati. Baadaye kashuka, anatembea kwenye matuta yetu kama yeye ndiye aliyeyainua. Nakuuliza tena. Nani yule?"

Pembeni ya uwanja vijana waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kandanda wakasogea karibu. Doreen, nahodha wa timu, akamtazama Tulinagwe kwa jicho la haraka. Doreen alimjua aliyekuwa shambani. Alikuwa ni yeye peke yake aliyemjua.

Jina lilifika kwenye ulimi. Lilikuwa jina fupi, rahisi kutamka: Ipyana. Lakini Tulinagwe akayaona macho ya vijana wote wale, akayakumbuka maneno ambayo kaka yake aliyasema mezani siku binamu yao mmoja alipotaka kuchumbiwa na kijana wa Kikisi: "Binti wa kwetu aende kulala juu ya mchanga na watu wa vyungu? Labda mimi niwe nimekufa."

"Simjui," akasema.

"Humjui?"

"Mimi nimeondoka hapakuwa na mtu, kaka. Simjui."

Gwamaka akawageukia vijana. "Mmesikia wenyewe. Mwizi."

Neno lile halikuhitaji kusemwa mara mbili. Msimu ule watu walikuwa wamechoka. Kakao zilikuwa zikichumwa zingali mtini na wasiozipanda, na wiki mbili nyuma mjane mmoja alikuta jaruba lake zima la mpunga limekatwa masuke. Amon, kijana mnene aliyekuwa akicheza beki, akang'oa mti wa kona ya uwanja. Mwingine akaokota nusu tofali. Wakaondoka wakikimbia nyuma ya pikipiki, kumi au kumi na moja hivi, wakipiga mluzi kama watu waendao kwenye ngoma.

* * *

Mambo yalianza wiki tatu nyuma, pale mpunga ulipoingiza maziwa kwenye punje.

Mama yao alikuwa amekwenda Tukuyu kumuuguza bibi, na kazi zake zote zikamwangukia Tulinagwe. Alfajiri alifagia uwanja, akachota maji, akapika uji. Kabla jua halijatoka alikuwa shambani kuwinga ndege hadi saa nne. Akirudi alipika chakula cha mchana, akageuza kakao kwenye majamvi, akafua. Saa tisa na nusu alirudi kwenye dungu mpaka giza. Baba yao, Mzee Angetile, alimwambia kwa upole wake: "Mwanangu, ukimaliza kazi ucheze. Mimi sijakukataza kucheza." Shida ni kwamba kazi haikuwa na mwisho, na mazoezi ya timu yalikuwa saa kumi, na kwelea kwelea nao walikuwa na saa yao ya jioni, nayo ilikuwa hiyo hiyo saa kumi. Gwamaka, ambaye saa kumi alikuwa anaegesha pikipiki na kwenda kwenye banda la kuoneshea mpira, hakuulizwa na mtu.

Siku hiyo Tulinagwe alikuwa juu ya dungu akitupa mawe huku akilia, maana kelele za uwanjani zilikuwa zinamfikia. Kijana mmoja aliyekuwa anapita njiani na kapu la dagaa akasimama.

"Ugonile, dada. Hao ndege unawafukuza au unawalisha?"

"Pita zako."

"Napita. Ila jiwe lako likianguka wanalikwepa tu, halafu wanarudi kukaa. Una kombeo?"

Alikuwa na kombeo la baba yake, lakini hakujua kulitumia. Kijana akaweka kapu chini, akafinyanga kidonge cha udongo wa tuta, akazungusha kombeo mara mbili tu. Lililia hewani kama mjeledi. Wingu la ndege likanyanyuka kwenye jaruba la mwisho, likapinduka, likaelekea Ndandalo.

Aliitwa Ipyana. Alikuwa na miaka kumi na tisa, Mkisi wa upande wa Matema, mama yake mfinyanzi. Mwaya alikuwa kwa mjomba wake, wakivua usiku kwa taa na kurudi alfajiri.

"Na mchana?" Tulinagwe akauliza.

"Asubuhi natengeneza nyavu na kuuza dagaa. Jioni nalala."

"Saa ngapi?"

"Kuanzia saa tisa mpaka tunapotoka." Akayatazama machozi yake. "Wewe unalilia nini?"

Akamweleza. Ipyana akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, kisha akawa hacheki tena.

"Nenda kacheze. Nitakaa mimi."

"Na usingizi wako?"

"Usingizi ni wangu."

"Nitakulipa nini?"

"Ukirudi uniambie umefungaje."

Ikawa hivyo kila siku. Saa kumi Ipyana anapanda dungu, Tulinagwe anakimbia uwanjani. Saa kumi na mbili anarudi akihema, na kwa robo saa, yeye akiwa chini ya ngazi na Ipyana juu, anamsimulia: goli la kwanza, goli la tatu, lile la pembeni ambalo hata Doreen alishika kichwa. Ipyana alikuwa akifumba macho anaposikiliza. Mara moja alisinzia katikati ya hadithi, na Tulinagwe akakaa kimya akimtazama, moyo ukimuuma kwa namna asiyokuwa na jina lake. Macho ya yule kijana yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, mikono yake imechanika kwa kamba za nyavu, na hakuna aliyewahi kumpa Tulinagwe kitu kikubwa kama kile.

"Kwenu wananijua?" Ipyana alimuuliza siku moja.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Tukishamaliza mechi ya Ngana."

Ipyana aliitikia kwa kichwa, lakini alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

* * *

"Tuli," Doreen akamshika mkono. "Umesema nini wewe?"

Tulinagwe alikuwa bado amesimama chini ya goli.

"Watamuua," Doreen akasema. "Unanisikia? Wale wanakwenda kumuua mtu. Kimbia! Mimi namfuata baba yako."

Mpira ukaanguka. Tulinagwe akakimbia.

Hakupita njia. Alikata katikati ya majaruba ya watu, maji yakimfika magotini, tope likimvuta kila hatua kama lina mikono. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alimeza maji, akainuka akitapika, akaendelea. Mbele yake alisikia sauti za wanaume, na katikati ya sauti hizo kishindo kile kizito cha mti juu ya mwili wa mtu, tena na tena, kama wanaotwanga.

Alipofika kwenye tuta kubwa akawaona. Ipyana alikuwa amepiga magoti, mikono juu ya kichwa, damu ikimtoka sikioni na kuteremka shingoni. Mgongo wake ulikuwa na mistari mipana. Mmoja alimpiga teke la ubavu, akaanguka kwa uso ndani ya maji ya jaruba. Wawili wakamwinua kwa nywele ili apigwe tena.

"Nani amekuleta hapa?" Gwamaka alikuwa akipiga kelele.

"Nilikuwa nawinga ndege."

"Ndege wa nani? Nani kakutuma? Taja jina!"

Ipyana akanyamaza. Angelitaja jina moja tu, lenye silabi nne, angeokoka. Tulinagwe aliona kwa macho yake midomo ile iliyopasuka ikifunguka, ikafungwa.

"Taja!"

"Sina jina la kutaja."

Amon akainua mti wa kona. Ipyana akatanguliza mkono wa kushoto kujikinga. Mkono ulivunjika kwa mlio mkavu, kama muwa unaovunjiwa gotini.

"Acheni!" Tulinagwe alipiga kelele. "Namjua! Acheni, namjua!"

Hakuna aliyemsikia. Walikuwa wamefika mahali ambapo watu hawasikii. Aliyeshika nusu tofali alikuwa anazunguka kutafuta upande wa kichwa ulio wazi. Na nyuma yao, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuwafukuza, kwelea kwelea walikuwa wameshatua kwa maelfu, mpunga wote umegeuka rangi, unatikisika bila upepo, na hakuna hata mmoja wa wale wanaume aliyegeuka kuona.

Kombeo lilikuwa limeanguka kwenye ngazi ya dungu, na pembeni yake vidonge vya udongo ambavyo Ipyana alikuwa akivianika juani mpaka vinakuwa vigumu kama mawe. Tulinagwe akachukua kimoja. Ipyana alimfundisha kuzungusha, kulenga hakuwahi kuweza. Akamlenga mwenye tofali. Akazungusha mara mbili, akaachia.

Kidonge kikampata Gwamaka juu ya sikio.

Kaka yake alisimama kidogo kama mtu aliyeitwa. Kisha akaanguka chali ndani ya maji.

Wakageuka wote. Walimwona msichana mwenye jezi iliyojaa tope, kombeo tayari lina kidonge cha pili, na mkono wake ukizunguka.

"Anayefuata ni nani?" akauliza. Sauti yake hakuijua mwenyewe. "Amon, weka mti chini."

"Tuli, huyu ni mwizi..."

"Weka chini!"

Amon akauweka. Mwenye tofali akalidondosha majini.

"Mimi ndiye niliyemweka hapa. Wiki tatu ananisaidia kuwinga ili mimi nicheze mpira. Kaka kaniuliza, nikaogopa, nikamkana. Mkitaka mwongo wa kupiga, niko hapa."

Gwamaka alikuwa ameinuka. Nusu ya uso wake ilikuwa damu tupu. Alimjia mdogo wake, akamkamata jezi kifuani na kumpiga ngumi ya mdomo. Tulinagwe akaona mwanga. Ngumi ya pili ikamwangusha, mguu ukamfuata tumboni. Hakujikinga. Kwa muda ule aliona ni haki yake, na alikuwa karibu kuupokea mguu wa pili kama mtu anayepokea deni lake.

Ila mguu haukufika. Ipyana, aliyekuwa akitambaa kwa mkono mmoja, alikuwa ameushika ule mguu mwingine wa Gwamaka na kuuvuta kwa nguvu zote zilizombakia, na meno yake yakiwa yameingia kwenye shavu la mguu. Wakaanguka pamoja. Walipigana ndani ya jaruba kama samaki kwenye sufuria, mmoja hana mkono, mwingine haoni kwa damu, kila mmoja akitafuta kumzamisha mwenzake.

"Gwamaka!"

Mzee Angetile alikuwa juu ya tuta, jembe mkononi, Doreen nyuma yake. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mtu wa kwaya, na katika maisha yake watoto wake hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Aliteremka majini, akamshika mwanawe kola kwa nyuma, akamvuta kama anavyovutwa ndama. Akamtazama Ipyana. Akamtazama binti yake aliyekuwa akitema damu. Halafu akainua macho, akaliona shamba.

"Vijana kumi na moja," akasema. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ya upole, na upole huo ulitisha kuliko kelele. "Kumi na moja, mmesimama ndani ya mpunga wangu mnampiga anayewinga ndege. Ndege wenyewe hamkuwaona?"

Akanyoosha jembe kuelekea ndege.

"Wafukuzeni sasa. Wote. Atakayeondoka kabla ya giza, nampeleka kwa mwenyekiti mimi mwenyewe."

Wakaanza kupiga makofi na kupayuka kati ya majaruba, Amon naye, huku akilia.

* * *

Hospitalini waliwekwa kwenye benchi moja, maana benchi lilikuwa moja. Gwamaka alikuwa ndani akishonwa kichwa. Tulinagwe alikuwa ameshashonwa mdomo nyuzi tatu. Ipyana alikuwa akisubiri mkono wake ufungwe, umelazwa juu ya kipande cha ubao, na jicho la kulia limefunga kabisa.

Ipyana akauliza, akiwa anatazama ukuta:

"Kaka yako amenipigia kelele sikioni kule majini. Amesema kwamba hata wewe hunijui. Alikuwa anasema uongo?"

Angeweza kusema ndiyo. Maneno aliyoyatamka shambani Ipyana hakuyasikia, sikio lilikuwa limejaa damu. Gwamaka alikuwa nyuma ya mlango. Uongo mmoja mdogo ungeweza kumrudishia kila kitu.

"Hapana," akasema kwa shida, uzi ukimvuta mdomo. "Aliniuliza mbele ya watu. Nikasema simjui."

"Ulisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Ukijua mimi ndiye niliye kule?"

"Ndiyo."

Ipyana akafumba lile jicho lililobaki.

"Waliponiuliza jina," akasema polepole, "nilifikiri, nikilitaja, Tuli atapigwa. Nikasema acha wanipige mimi. Ningalijua..." Hakumaliza.

"Ipyana, niliogopa."

"Hata mimi niliogopa."

Muuguzi akatoka, akamwita. Alipoinuka hakumtazama. Mlangoni akasimama, akasema akiwa amempa mgongo: "Usinifuate."

Kesho yake asubuhi mama yake Ipyana alifika kutoka Matema, mwanamke mwenye mikono mikubwa na kucha zenye udongo, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Angetile. Alikataa kiti. Alikataa maji. Mzee alisimama mbele yake kofia mkononi.

"Mama, ndaga, asante kwa kufika. Tumekukosea. Sina neno."

"Fomu ya polisi ninayo hapa kwenye kitenge," mama akasema. "Naipeleka au siipeleki, nitaamua mwanangu akiniambia. Nimekuja kumwona msichana tu."

Tulinagwe akatoka jikoni, mdomo umevimba, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alimtazama kwa muda, kisha akatikisa kichwa.

"Mtoto mwenyewe ndiye huyu," akasema, kama anayezungumza na mtu asiyekuwepo. Akaondoka.

Mzee Angetile akamwita Gwamaka, ambaye alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima.

"Kuanzia leo, saa tisa na nusu jioni, pikipiki inalala. Wewe ndiye utakayewinga mpaka tuvune."

"Tata, mimi? Na yeye aliyenipasua kichwa?"

"Yeye amekupasua kichwa. Wewe umevunja mkono wa mtoto wa mwenzio, na ungekuwa peke yako ningesema ni hasira; ulikwenda na kundi. Nimekaa nikakuacha ujifanye baba wa nyumba hii nami ningali hai. Kosa hilo ni langu. Lingine ni lako."

Gwamaka akainamisha kichwa. Kuhusu mpira wa Tulinagwe, mzee hakusema chochote. Jioni hiyo Tulinagwe mwenyewe aliifua jezi yake, akaikunja, akampelekea Doreen.

* * *

Alivumilia siku kumi. Jumamosi ya soko alipanda gari la asubuhi kwenda Matema.

Wanawake wa Kikisi walikuwa wameshafika na mitumbwi, vyungu vimepangwa juu ya mchanga kwa mamia, vyekundu, vyenye michoro myeupe shingoni, na wachuuzi wakivigonga kwa vidole kusikiliza kama vina ufa. Akampata Ipyana nyuma ya vyungu vya mama yake, ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, mkono umefungwa plasta nyeupe. Jicho lilikuwa limefunguka. Chini yake palibaki rangi ya zambarau.

"Nilikwambia usinifuate."

"Nimesikia."

"Sasa umefuata nini?"

"Kukuona."

"Umeniona."

Tulinagwe akasimama tu. Upepo wa ziwa ulimpiga usoni, mama yake Ipyana akiwa hatua chache tu, anafunga vyungu kwa majani ya mgomba na kujifanya hasikii.

"Nimekuja pia kukwambia kwamba nimeacha mpira," akasema.

Ipyana akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni tangu benchi lile.

"Umefanya nini?"

"Nimeacha. Jezi nimemrudishia Doreen."

"Nani kakuachisha? Baba?"

"Hapana."

"Gwamaka?"

"Gwamaka anawinga kila jioni. Hana neno. Nimeacha mwenyewe. Wewe umevunjika kwa ajili ya mpira wangu, halafu mimi niendelee kurukaruka uwanjani? Ningejionaje?"

Ipyana akasimama. Alikuwa amekasirika, na hasira ile ilimfanya ayumbe, akashika ukingo wa mtumbwi kwa mkono mzima.

"Sikiliza, Tuli. Sikuvunjika kwa sababu ulicheza. Nilivunjika kwa sababu ulisema hunijui. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye ili ulie vizuri."

Maneno yale yalimpiga kuliko ngumi ya kaka yake.

"Ule mpira mimi ndiye niliyekutafutia nafasi yake," Ipyana akaendelea, sauti ikishuka. "Wiki tatu sikulala. Mjomba alinitukana, nilikuwa nasinzia mtumbwini mpaka siku moja nikatumbukia na taa. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa najua kuna mtu anacheza. Leo unakuja kuniambia umeutupa? Basi nimevunjwa bure."

"Sikufikiria hivyo."

"Hukufikiria. Na jambo lingine." Akatazama ziwani. "Sijawahi kukuona ukicheza. Hata siku moja. Nilikuwa nasikia kelele tu kutoka uwanjani, nakisia: lile lake, lile si lake."

Machozi yakamtoka Tulinagwe, yakapita kwenye kovu jipya la mdomo, yakachoma. "Mengi yalikuwa yangu," akasema.

Kitu kilipita usoni pa Ipyana, kikakaribia kuwa cheko, kikarudi.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na sijui itakuwa lini. Siwezi kukudanganya."

"Usinidanganye."

"Mama ndiyo kabisa."

"Najua pia."

Ipyana akakwaruza mchanga kwa kidole cha mguu. "Mechi na Ngana ni lini?"

"Kesho."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi nenda. Gari la Mwaya linaondoka saa sita, ukilikosa utalala hapa, na hakuna wa kukupokea. Mfuate Doreen, mpigie magoti ikibidi, akupe jezi."

Tulinagwe akamtazama mara moja zaidi, akaujaza moyo wake kwa lile jicho lenye zambarau na ile plasta iliyoanza kuchafuka kwa udongo wa vyungu. Akampigia mama goti. Safari hii mama akaitikia, kwa shingo upande, "Marahaba," kisha akarudi kwenye majani yake ya mgomba.

Alikuwa ameshapita vyungu vya mwisho aliposikia sauti ya mama huyo nyuma yake, nzito, isiyojua kunong'ona.

"Ipyana. Huyo msichana wako, huo mpira anaucheza vizuri?"

Tulinagwe akapunguza mwendo.

"Sijui, mama," Ipyana akajibu. "Kesho ndiyo nitajua."

Tulinagwe akaanza kukimbia kuliwahi gari.